Karatasi Yenye Akili Kuliko Mke Wangu

Asubuhi moja nilimwambia mke wangu neno la kipumbavu, na afadhali nilitaje hapa hapa mwanzoni, nisije nikalikwepa mbele ya safari. Nilimwambia kwamba karatasi ile ilikuwa na akili kuliko yeye. Alimaliza kukoroga uji, akanimiminia, akanawa mikono, akakunja kanga zake, na kabla mzigo wa kwanza wa pamba haujapanda mizani alikuwa juu ya lori la kwenda kwao, mbele ya Ushirombo, kwenye njia ya Nyarugusu. Uji niliunywa peke yangu. Ulikuwa mtamu, na hilo lilizidi kuniudhi.

Mimi nilikuwa karani wa mizani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba pale Shinyanga. Kazi yangu ilikuwa kuandika kilo. Mtu anayeandika kilo kutwa, mwaka baada ya mwaka, hupata njaa ambayo ugali hauitibu. Yangu sikuijua mpaka siku niliyokwenda kununua dagaa kwa mzee mmoja wa mtaani kwetu, Mwislamu ambaye babu yake alikuja na misafara kutoka pwani akakataa kurudi. Mzee huyo alifungia bidhaa kwa magazeti ya Ulaya aliyoyanunua kwa robota. Siku hiyo alikuwa na kitabu cha katuni mkononi, ameshalishika jalada tayari kulichana, na kwenye jalada hilo nikaona kiganja cha mtu kimeijaza mbingu nzima, na katikati ya kiganja kuna jicho. Nikamshika mzee mkono. Nilimwomba aniachie kitabu chote, dagaa anitilie ndani ya kofia. Nilivuka soko na kofia ya dagaa mkononi na kitabu kifuani, watu wakinisalimia kwa mashaka.

Hebu niieleze hadithi yenyewe, maana bila hiyo mtaniona mwendawazimu tu. Kulikuwa na jitu kubwa kuliko jua, limekaa peke yake mwisho wa anga, linafuma kitambaa cheusi. Kila lilipomaliza upindo, nyota kadhaa zilifunikwa zikazimika. Kwenye kinyota kimoja kidogo aliishi bwana mmoja wa rangi ya shaba, kipara, mwenye jicho la tatu kiganjani. Ukurasa wa pili bwana huyo anamuaga mkewe, anang'oa mlango wa nyumba yao uwe ngao yake, anaubeba mgongoni na kuruka kwenda kupigana na jitu. Kurasa zote zinazofuata ni safari na vita. Ndiyo hiyo. Ukiisimulia hivi ni upuuzi, nami najua. Lakini yule mchoraji, jamani! Kulikuwa na kurasa mbili zilizofunguka pamoja, zote giza tupu, ila pale chini pembeni yuko bwana wa shaba na mlango wake, mdogo kama chawa. Mchoraji alikuwa na nafasi yote ile na rangi zote zile, akathubutu kuliacha giza litawale. Mimi niliyezoea kujaza kila mstari wa daftari nilikaa nikilitazama mpaka mate yakanikauka.

Kiingereza changu kilikuwa cha kuungaunga, na kamusi yangu ilikuwa imeliwa na mchwa kuanzia katikati. Kwa hiyo nilijiwekea sheria: ukurasa mmoja tu kila Jumamosi mchana, nikitoka kazini. Nilinawa mikono, nikatoa kiti nje, nikamkataza mke wangu kufagia karibu. Kuchungulia mbele ilikuwa mwiko. Nilikwenda hivyo miezi saba mpaka nikabakiza karatasi moja, ile ya mwisho. Bwana wa shaba alikuwa ameshafika miguuni pa jitu, ameushika uzi mmoja wa kitambaa. Akiuvuta, kitambaa chote kitafumuka na nyota zitawaka tena. Lakini uzi wenyewe ulisokotwa kwa mwanga wa kinyota chake, na akiuvuta huenda kwao kukateketea. Avute, asivute? Nilikuwa nimebakiza siku mbili za kungoja, na kazini nilikosea kilo mara tatu.

Sasa, mwaka ule viberiti vilikuwa vya kutafuta kwa tochi. Wanawake waliazimana moto. Mke wangu alileta kaa kutoka kwa jirani juu ya kigae, kuni zilikuwa mbichi, kaa likaanza kuzimika, akanyoosha mkono akachukua karatasi iliyokuwa karibu. Ilikuwa ile. Ilikuwa imechanika kwenye mkunjo ikaachia pini, na ni mimi mwenyewe niliyeiweka juu ya kigoda ili ingojee Jumamosi. Nilipotoka nje nilikuta uji unachemka kwa mwisho wa hadithi yangu. Ndipo nikasema nililosema.

Wiki mbili nilijitia uanaume. Watu nikawaambia amekwenda kumwangalia shangazi yake mgonjwa. Shangazi huyo alizidiwa, akapata nafuu, akazidiwa tena, mpaka jirani akaniuliza kama tuchange kabisa rambirambi. Wahenga walisema mke ni nguo, mgomba kupalilia. Mimi sikupalilia, nilikuwa nasoma. Nyumba ilikuwa kimya, nami nilimtaka mke wangu arudi, sina namna nyingine ya kulisema. Wiki ya tatu nikatafuta sukari kwa taabu, nikapanda lori kumfuata.

Baba mkwe alikuwa mchimbaji wa dhahabu, na siku hizo alikuwa nyumbani kwa sababu jiwe lilimwangukia mguuni duarani, yaani shimoni wanakochimba. Tuliamkiana mwangaluka, nikampa shikamoo yake, nikapewa kigoda na maji. Kisha akalitamka lile neno langu lote, bila kuongeza wala kupunguza. Akasema katika ukoo wao mabinti wameshaitwa wavivu, wameshaitwa wachawi, mmoja aliitwa fisi na mambo yakaisha kwa mbuzi, lakini hakuna aliyewahi kupimwa na karatasi. Akauliza karatasi yenyewe iko wapi, na kwake karatasi ilikuwa kitabu kizima. Nikadanganya kwamba iko Shinyanga. Akasema binti yao alishawaambia nikija wanitazame kwenye mkoba, chini ya shati. Ilikuwa huko huko. Nikasema niliichukua kwa sababu ya panya, na mimi mwenyewe nikasikia jinsi jibu lilivyokuwa dhaifu.

Ndipo ikatoka sauti nyuma ya ua wa mabua. Ilikuwa ya mama mkwe. Ni lazima nieleze: kwetu, na hasa kwa watu wa umri wake, mkwe wa kike hatazamwi. Hukutani naye njiani, huli naye, huingii nyumba anayolala, na maneno hayaendi moja kwa moja kutoka kinywani mwake hadi sikioni mwako. Hupitia kwa mtu wa tatu. Mtu wa tatu akikosekana, hupitia kwa kitu. Yeye alizungumza na kinu. Kilikuwa kinu cha chuma, maana kazi yake ilikuwa kutwanga mawe yaliyotoka duarani mpaka yawe unga, kisha kuuosha unga huo kwenye karai na kutafuta chembe zinazometa.

“Wewe kinu,” alisema, “mwambie mkwe ailete hiyo yenye akili, tuisikilize. Ikimshinda binti yangu, yeye atabaki hapa, na mkwe ataondoka akaishi na karatasi yake.”

Baba mkwe akatikisa kichwa kwamba ni haki. Mimi nilicheka kidogo, nikidhani ni utani. Hakuna aliyecheka nami. Nyuma ya ua nilisikia ndala za mke wangu zikipita kwenda jikoni. Nilizijua kwa mlio, moja ilikuwa imeshonwa kwa waya.

Kesi ya karatasi ilianza asubuhi iliyofuata. Utaratibu ulikuwa huu: mimi nasoma maneno kwa sauti, nayageuza Kiswahili na Kisukuma changu cha mjini, kisha naweka karatasi juu ya ungo penye upenyo wa ua, nageuka, naenda hatua kumi, nakohoa. Mama mkwe anatoka, anachukua ungo, anarudi ndani kutazama picha. Kwa kuwa kitabu kizima kingemfikisha mwisho mapema mno, ilibidi nikifumue. Nilizing'oa zile pini mbili kwa kisu cha baba mkwe. Uchungu nilioupata siwezi kumweleza mtu aliyenunua vitabu vyake dukani.

Karatasi ya kwanza ilipokwenda ndipo akili ikanijia, na jasho nalo. Bwana wa shaba, kama mashujaa wote wa anga, alivaa nguo iliyombana kana kwamba amepakwa rangi tu, na juu yake kitu ambacho watu wengine wote huvaa chini. Miezi saba nimemtazama nisilione hilo. Sasa nimempelekea mama mkwe wangu, juu ya ungo, picha ya mwanaume wa namna ile, kifua na mapaja vyote bayana. Niligeuka nikautazama mti wa mnyaa uliokuwa pale kana kwamba ninahesabu matawi yake. Hatimaye kinu kikaambiwa kinifikishie kwamba vita vya huko inaonekana hupiganwa wakati wa joto. Namshukuru mpaka leo kwa heshima ile.

Alipofika kwenye ukurasa wa kuagana aliuliza swali moja tu: mlango. Bwana ameng'oa mlango. Je, aliacha kitu gani mahali pake? Nikatafuta kwenye maneno, nikajibu kwamba maneno hayasemi. Nikaeleza, kwa kujua kwingi, kwamba mlango ule ni ishara ya nyumba anayoipigania. Mchi ulianza tena kutwanga, na ulitwanga kwa nguvu.

Siku ya pili ndiyo iliyoniaibisha kweli, ingawa hakuna aliyenitukana. Zilikuwa zimekwenda zile kurasa mbili za giza, na nikaambiwa, kupitia kinu, nije nisimame karibu na ua, mgongo wangu kwake. Alisema giza lile si jeusi. Nikasema ni jeusi. Akasema nimeangalia na sijaona. Yeye aliipeleka karatasi juani, akaiinamisha na kuigeuza taratibu kama anavyogeuza karai, na akaona kwamba rangi yote ni vumbi: vitone vya buluu, vitone vyekundu, vitone vya manjano, vimemwagwa karibu karibu. Uso wa bwana wa shaba ulikuwa vitone. Jitu lilikuwa vitone. Pale penye nyota mchoraji hakuweka kitu, aliacha karatasi yenyewe imete. Alisema huyo aliyefanya kazi hiyo ni mtwangaji mwenzake. Halafu akasema jitu halina ubaya, linafuma tu kazi yake, na katika kurasa zote hizo hakuna hata mtu mmoja aliyelipelekea chakula.

Nilikaa chini. Nilikuwa nimekisoma kitabu kile kwa kamusi miezi saba, nikakilinda na vumbi, na mwanamke asiyejua herufi moja alikuwa ameona kwa asubuhi moja kwamba kimetengenezwa kwa vumbi. Nikamwonea wivu mkwe wangu, Mungu anisamehe. Jioni baba mkwe aliuliza karatasi imesema nini leo, nikamsimulia. Yeye swali lake lilikuwa la kitaalamu: anga lote lile limechimbwa, halina nguzo hata moja, nani anazuia paa? Nikasema sijui. Akasema yeye asingeingia humo hata kwa fedha.

Siku ya tatu karatasi ilianza kushindwa. Wanaojua vitabu vya namna ile wanajua kwamba kila karatasi hukunjwa katikati, kwa hiyo ukiifumua, ukurasa wa mwanzo unakuwa kipande kimoja na ukurasa wa karibu na mwisho. Mimi nilikuwa ninazipeleka kwa kufuata mwanzo, nikamsihi asitazame upande wa pili. Nani amsihi mama mkwe? Alizirudia karatasi za siku ya kwanza, akaona bwana wa shaba ameanguka miguuni pa jitu, na kwenye karatasi hiyo hiyo, upande mwingine, ndiyo kwanza anakunywa maji kwao. Kinu kikaambiwa kwamba karatasi yangu inasema mwanzo na mwisho kwa mdomo mmoja. Binti yake, pamoja na kasoro zake zote, hasemi hivyo. Baba mkwe aliyekuwa amelala mkekani akasema, “Hapo imeshindwa,” akalala tena.

Nilipaswa kufurahi. Karatasi ikishindwa, mke wangu ameshinda, naye anarudi. Badala yake nikaanza kuitetea! Nilisimama pale nikiongea na ua wa mabua, mikono hewani, nikieleza kwamba hilo ni kosa la mpiga chapa, wala si la hadithi. Nilisikia ndala zikisimama. Nikanyamaza, lakini nilikuwa nimeshachelewa.

Mwisho ukafika. Mkono wa bwana uko kwenye uzi. Kinu kikauliza: alivuta au hakuvuta?

Hapo nilikuwa na njia mbili, na nikachagua mbaya. Sikusema kwamba sijui. Nilibuni. Nikasema bwana wa shaba aliuvuta uzi kwa mikono miwili, kitambaa kikapasuka, jitu likaanguka na kilio kilichosikika siku saba, nyota zikawaka, na viumbe wote wakaja kumwimbia shujaa, wakampa ng'ombe. Ng'ombe hao walinitoka tu. Nilikuwa nimenogewa. Nyuma ya ua mchi ulikuwa umesimama.

“Ukurasa wa mwisho yeye hayupo.”

Ilikuwa sauti ya mke wangu. Siku tatu hakuwa amenitolea neno, wala wiki mbili kabla ya hapo. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja bei ya nyanya. Alisema yeye alikuwa akikitazama kitabu kile kila siku nikiwa kwenye mizani, mwanzo hadi mwisho, picha kwa picha, kisha anakirudisha chini ya godoro kama nilivyokilaza. Aliijua hadithi yote tangu mwezi wa kwanza. Miezi saba alinitazama nikiisogelea kwa mwendo wa kinyonga, akangoja siku moja nimwite aje tuione pamoja.

“Nyota zimewaka zote,” alisema. “Ina maana aliuvuta. Lakini yeye hayupo. Yupo yule mwanamke peke yake, amesimama penye nyumba isiyo na mlango, anatazama juu. Hakuna maneno. Asubuhi ile moto ulikuwa unazimika, nikaangalia ni karatasi gani niichukue. Nikamwona yeye. Nilimwonea huruma, nikamchoma.”

Nilisikia kuku wakitembea. Nikasahau aibu ya mkwe na taratibu zote, nikamwambia mke wangu, kwa sauti ambayo kijiji kizima kiliisikia, kwamba nilikosa, kwamba mimi ndiye niliyekosa akili, anisamehe. Na kwamba nyumba ilikuwa kimya. Hilo la nyumba nililisema mara mbili.

Mama mkwe hakunijibu mimi. Alikiambia kinu kwamba karatasi haina akili. Ina macho mazuri, mkono mzuri wa vumbi, lakini imemsahau mke tangu ukurasa wa pili, ikamkumbuka baada ya kazi kwisha. Baba mkwe akaitikia kutoka mkekani. Hukumu ikawa kwamba mke wangu ataondoka nami kwa lori la kesho akipenda mwenyewe. Mkosaji, yaani kitabu, kitabaki.

Akapenda mwenyewe, ingawa njiani alikaa upande wa pili wa magunia mpaka tulipoipita Kahama.

Kitabu mama mkwe alikibandika ukutani kwa uji wa muhogo, karatasi kwa karatasi, kila moja kwa ukingo tu ili ifunulike, kwa mpangilio wake mwenyewe. Na ukuta alioutumia ni wa chumba anacholala. Hapo ndipo adhabu yangu ilipo, na sijui kama aliikusudia, namjua, aliikusudia. Mkwe wa kiume hakanyagi chumba kile akiwa hai. Hadithi yangu yote iko hatua ishirini kutoka kigoda ninachokalishwa kila tukienda, na sijaiona tena tangu hapo.

Kwa hiyo siku hizi mke wangu ndiye anayenisomea. Tukifika, tukishaamkiana, yeye huingia ndani, mimi hukaa nje mgongo kwenye ukuta, naye hunisimulia ukurasa mmoja kupitia dirisha dogo. Mmoja tu kwa kila safari. Nimemsihi aongeze, akasema kuchungulia mbele ni mwiko. Anaona vitu ambavyo sikuwahi kuviona, na mama yake humkosoa kutoka kwenye kinu.

Safari iliyopita alifika mwisho, kwenye nafasi tupu ambapo karatasi iliyoungua ingekaa. Mama mkwe alikuwa ameipaka udongo mweupe, safi, hakuweka kitu. Nikafikiri mke wangu atanyamaza. Lakini aliendelea kusimulia kwa sauti ile ile. Nikamwuliza kama yule mwanamke bado anatazama juu. Akasema hapana, alichoka shingo, akatafuta fundi akatia mlango mwingine. Nikauliza, na bwana wa shaba akirudi je? Akasema atapiga hodi kama watu wengine.